Sauti za ogani na sintesaiza za zamani kwenye kinanda cha kidijitali: kutafuta kasoro kwa kufuata dalili

Wapiga vinanda wanaoniletea malalamiko hapa Moshi, wengi wao wa kwaya za usharika na wa bendi za harusi zinazozunguka kati ya Himo na Usa River, huleta mambo yale yale karibu kila juma. Kinanda ni kipya, ogani imo ndani, jina la sintesaiza maarufu linasomeka kwenye skrini, lakini ukumbini haisikiki kama ile waliyoizoea kwenye rekodi. Nimeyapanga malalamiko hayo kwa dalili. Chini ya kila dalili naanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi, kisha nashuka hadi kile ninachokikuta kwa nadra.

Kabla ya kufuata dalili yoyote, fanya majaribio mawili. Kwanza, chomoa kila kitu ubaki na umeme na hedifoni peke yake. Kasoro ikitoweka, kinanda ni kizima na tatizo liko nje yake. Pili, chagua sauti ya kiwandani ambayo hujawahi kuigusa. Ikiwa hiyo inalia vizuri, kasoro iko kwenye mpangilio wako. Majaribio haya huchukua dakika tano, nayo yameniepusha kufungua vinanda vingi visivyokuwa na ubovu wowote. Usikimbilie kurejesha kinanda katika hali ya kiwandani kabla hujahifadhi kazi yako kwenye flashi, kwa sababu amri hiyo hufuta kila kitu ulichokipanga.

Sauti ni nzuri kwenye hedifoni, lakini kwenye spika ni nyembamba au imezama

Katika kipaimara kimoja huko Kibosho, mpiga kinanda kijana alinifuata nyuma ya turubai huku kwaya ikijipanga. “Shikamoo fundi. Ogani yangu imekufa, nadhani imeungua,” alisema kwa sauti ya chini. Nilimwitikia, nikamwomba anipe upande wa waya uliokuwa umechomekwa kwenye mikisa. Pini yake ilikuwa na pete mbili nyeusi, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa.

Vinanda vingi vya bei ya kawaida vina tundu moja tu la kutolea sauti, lile la hedifoni. Tundu hilo hubeba upande wa kushoto kwenye ncha ya pini na upande wa kulia kwenye pete ya katikati. Mlango wa mikisa wenye kupokea pini ya aina hiyo haujui habari ya kushoto na kulia. Kazi yake ni kutoa kilichoko kwenye pete katika kilichoko kwenye ncha, ili kuondoa kelele za njiani. Kwa hiyo kila kilicho sawasawa pande zote mbili, yaani besi, ngoma na kiini chenyewe cha ogani, hufutika, na kinachobaki ni mwangwi na mtetemo wa korasi (athari ya kunenepesha sauti kwa nakala yake inayoyumba kidogo) unaoelea bila mwili. Mtu akisikia hivyo hudhani sauti imeoza ndani ya kinanda.

Dawa yake ni waya wa kugawa: upande wa kinanda pini moja ya stereo, upande wa mikisa pini mbili za mono, moja ya kushoto na nyingine ya kulia, kila moja kwenye mlango wake. Ukiwa na mlango mmoja tu, chomeka ya kushoto na uiache ya kulia ikining'inia, mradi isiguse chuma. Usichomeke waya wa gitaa wa kawaida kwenye tundu la hedifoni, kwa maana pini yake huunganisha upande wa kulia moja kwa moja na ardhi, na kikuza sauti kidogo kilichomo ndani hulemewa.

Kwa vinanda vyenye matundu mawili ya nyuma, chanzo cha kwanza ni kutumia tundu la kulia peke yake. Lile lililoandikwa L/MONO ndilo linalochanganya pande zote mbili pale ambapo la kulia halijachomekwa kitu. Angalia pia kitufe cha kukata besi kwenye mlango wa mikisa, ambacho mara nyingi huachwa kimebonyezwa na mtu aliyekuwa akitumia mlango huo kwa kipaza sauti. Hukata kuanzia takriban Hz 80 au 100 kwenda chini, na pamoja nacho huondoka uzito wa mkono wako wa kushoto.

Chanzo cha nadra zaidi ni korasi. Sauti zinazoiga sintesaiza ya Roland Juno-60 ya mwaka 1982 hupata upana wake kutokana na korasi inayoyumba kinyume kati ya kushoto na kulia. Zikikusanywa kuwa mono, sehemu ya myumbo huo hujifuta. Kumbi nyingi ninazozifahamu Arusha na Moshi zina spika mbili, lakini mikisa imefungwa kwa mono. Punguza kina cha korasi hadi karibu nusu, sikiliza ukiwa umesimama katikati ya ukumbi, na uhifadhi mpangilio huo kama programu ya pili kwa ajili ya kumbi za mono.

Iwapo sauti inakwaruza au upande mmoja unapotea unapogusa pini, hata kwa hedifoni, acha kuizungusha. Tundu limeachia mlehemu wake kwenye bodi, na kila unapolitikisa unazidi kupasua njia za shaba. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye pasi ndogo ya kulehemu.

Ogani haina uhai, inalia kama ya kuchezea

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu hutumia fedha kununua kinanda kingine bila sababu. Ogani ambayo karibu kila kinanda cha kidijitali hujaribu kuiiga ni Hammond B-3, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1954, ikiwa ni mzao wa ogani ya kwanza ya Laurens Hammond ya mwaka 1935. Ndani yake kuna magurudumu 91 ya chuma yanayozunguka mbele ya sumaku, na mbele ya mpigaji kuna droba, yaani vile vishikio vya kuvuta na kusukuma vilivyopangwa tisa tisa, kila kimoja kikiwa na ngazi kutoka 0 hadi 8. Sauti yake haijalishi umepiga kwa nguvu au kwa upole. Haina pedali ya kudumisha noti. Mtu anayetaka kuifikia sharti akipe kinanda chake tabia hizo, maana kuchagua jina la ogani kwenye orodha hakutoshi.

Chanzo cha kwanza kabisa ni mguso. Kinanda kikiwa kimewekwa kuitikia nguvu ya kidole, ogani hupanda na kushuka kama piano, na sikio hukataa mara moja. Zima mguso kwa sauti hiyo, au uweke kiwango kisichobadilika cha karibu 100 kati ya 127. Kupanda na kushuka kwa sauti kuache kwa mguu, kwa pedali ya kuongeza na kupunguza; mpiga ogani huongea na waimbaji kwa mguu wake wa kulia.

Chanzo cha pili ni pedali ya kudumisha noti. Mtu aliyelelewa kwenye piano huikanyaga bila kujua, na akodi mbili hujikuta zikilia pamoja hadi wimbo unakuwa uji. Ichomoe, au uipangie kazi nyingine. Ili noti ziungane, kidole kimoja kisiachie hadi kingine kimeshuka.

Chanzo cha tatu ndicho kinachowatesa wengi: sampuli, yaani rekodi fupi ya ala halisi iliyomo ndani ya kinanda, iliyorekodiwa pamoja na spika ya Leslie. Spika hiyo, iliyobuniwa na Don Leslie, ina pembe inayozunguka kwa sauti za juu na ngoma inayozunguka kwa sauti za chini, zikigawana kazi kwenye takriban Hz 800 na kuzunguka kinyume cha mwenzake. Mtengenezaji anaporekodi ogani ikiwa tayari imepita kwenye Leslie, mzunguko huo hugandishwa ndani ya sampuli. Ukipiga noti ya juu kidogo ya ile iliyorekodiwa, kinanda huiharakisha sampuli pamoja na mzunguko wake, na hivyo akodi ya noti tatu huwa na spika tatu zinazozunguka kwa mwendo tofauti. Jaribu hivi: shikilia noti moja ya chini, kisha nyingine ya juu, ukiwa umezima athari zote. Ikiwa myumbo bado upo, nao unabadilika mwendo kutoka noti hadi noti, hiyo sampuli haifai kwa kazi hii. Tafuta kwenye orodha ogani kavu isiyoyumba kabisa, kisha uipitishe kwenye athari ya Leslie ya kinanda chenyewe, ili noti zote zizunguke pamoja.

Mpangilio wa athari nao una maana. Kwanza ogani, kisha ukwaruzo kidogo wa kikuza sauti cha taa, kisha Leslie, na mwangwi uje mwisho. Wengi huweka mwangwi mbele ya Leslie, na matokeo yake ni ukumbi mzima kuonekana unazunguka. Kwenye kanisa la mawe lenye dari refu, zima mwangwi wa kinanda kabisa, kwani jengo linao wa kutosha.

Baada ya hapo ndipo uguse droba. Ile rangi ya jazi inayohusishwa na mpiga ogani Jimmy Smith ni 88 8000 000, yaani tatu za kwanza zimevutwa hadi mwisho na nyingine zote zimefungwa, pamoja na mlio mfupi wa kugonga mwanzoni mwa noti unaoitwa pakasheni, ukichagua harmoniki ya tatu. Kwa pambio la kusimamisha watu, vuta zote tisa. Kwa sala ya kimya mimi huanza na 00 8400 000, nikaongeza polepole. Pakasheni ya B-3 ilikuwa na tabia moja ambayo vinanda vingi vya bei ndogo haviifuati: haigongi tena hadi umeachia vibao vyote. Ikiwa kinanda chako kinaigonga kwa kila noti, solo itasikika kama marimba. Punguza kiwango chake, au tafuta kwenye menyu chaguo la kuifanya igonge mara moja.

Kinanda kisicho na droba bado kinaweza kufika karibu. Chukua sauti laini kama filimbi isiyo na mtetemo, uipandanishe mara tatu: ya kwanza ishuke nusu toni 12, ya pili ibaki ilipo, ya tatu ipande nusu toni 7. Hizo ndizo droba tatu za kwanza. Ukiwa na nafasi ya nne, ipandishe nusu toni 12 kwa kiwango cha chini kidogo. Kijana mmoja wa Majengo tulimpangia hivyo kwenye kinanda cha kujifunzia, na usharika wake ukadhani amenunua kingine.

Kama bendi ina gitaa la besi, funga droba mbili za kwanza za sauti unayoipiga kwa mkono wa kushoto. Ogani na besi zikigombania eneo moja, mpiga besi huongeza sauti, nawe unaongeza, na fundi mitambo anawapunguza wote wawili.

Leslie haibadilishi mwendo, au pedali inafanya kinyume

Leslie halisi ina mwendo wa polepole wa takriban mizunguko 40 hadi 50 kwa dakika, na wa kasi ambapo pembe hufika takriban 400. Raha yote iko kwenye mpito: pembe huwahi, ngoma nzito ya chini huchelewa sekunde kadhaa. Ikiwa kwako mwendo hauguswi kabisa, angalia kwanza gurudumu la mtetemo lililoko upande wa kushoto wa vibao. Kwenye vinanda vingi ndilo lililopangiwa kazi hiyo, na huenda limezimwa kwa sauti hiyo. Ikiwa mwendo unaruka ghafla bila mpito, ongeza muda wa kupanda na kushuka kwenye menyu ya athari, na uupe upande wa ngoma muda mrefu kuliko wa pembe.

Pedali ikifanya kinyume, kizime kinanda, chomeka pedali, usiikanyage, kisha washa. Vinanda vingi husoma mwelekeo wa swichi wakati wa kuwaka, na mtu aliyewasha huku mguu umepumzika juu ya pedali hukidanganya kinanda bila kukusudia. Pedali ya kuongeza na kupunguza sauti ikishika katika sehemu ndogo tu ya safari yake, basi huenda ni ya kampuni nyingine ambayo ncha na pete za pini yake zimebadilishana kazi. Usilazimishe, nunua inayolingana au ile yenye swichi ya kuchagua.

Solo ya sintesaiza haitelezi, na noti zinapandana

Minimoog ya mwaka 1970 ilikuwa na osileta tatu (vyanzo vya sauti) na filta (kichujio cha sauti) inayokata kwa dB 24 kwa oktavu, na ilipiga noti moja tu kwa wakati mmoja. Kasoro ya kwanza, basi, ni kuacha sauti ikiwa na uwezo wa noti nyingi. Weka mono, washa legato ili noti iliyoungana isianze upya, kisha weka muda mfupi wa kuteleza. Kwa kinanda cha sampuli, pandanisha mawimbi mawili ya msumeno, moja lipande senti 6 na lingine lishuke senti 6. Ukizidisha hapo, gitaa litaonekana halijatiwa sauti sawa.

Wapo wanaolalamika kwamba hata baada ya hayo vidole havijibiwi kama kwenye rekodi. Minimoog ilitoa kipaumbele kwa noti ya chini: ukishikilia noti ya chini kisha ukagusa ya juu, ya juu haisikiki. Vinanda vingi vya leo hufuata noti iliyopigwa mwisho. Tafuta kipengele cha kipaumbele. Kama hakipo, badilisha upigaji.

Filta ikipanda kwa ngazi zinazosikika badala ya kuteleza, sababu ni ujumbe wa MIDI, lugha ambayo vinanda huwasiliana nayo, wenye thamani 128 tu, kutoka 0 hadi 127. Acha kuizungusha kwa mkono katika sehemu hiyo ya wimbo, na uiache enivelopu ya ndani, ile inayobadilisha sauti yenyewe tangu noti inapopigwa hadi inapoachiwa, ifanye kazi ya kufungua na kufunga, kwa kuwa hiyo huenda laini zaidi.

Tarumbeta za sintesaiza ni nyembamba, na piano ya umeme imekufa

Kwa tarumbeta za Prophet-5 ya mwaka 1978 au Jupiter-8 ya mwaka 1981, watu hufungua filta yote ili ipate makali. Fanya kinyume: ifunge chini ya nusu, kisha uiruhusu enivelopu iifungue taratibu kidogo kila unapopiga. Kule kuchelewa kufunguka ndiko kunakoleta pumzi ya tarumbeta. Prophet-5 ilikuwa na sauti tano tu. Ukipiga akodi za vidole nane kwa mikono miwili hutafika huko hata kwa programu nzuri.

Piano ya umeme ya Yamaha DX7 ya mwaka 1983, ambayo wazee wa dansi bado wanaiomba, ina siri tofauti. DX7 haikuwa na filta. Sauti yake hutokana na operata sita (vyanzo vya mawimbi) zinazotikisana, na nguvu ya kidole hubadilisha rangi ya sauti pamoja na ukubwa wake. Kwa hiyo kuchezea filta hakutakufikisha, na kuzima mguso huiua kabisa. Rudisha mguso, hakikisha umeunganishwa na mng'ao wa sauti, kisha piga kwa upole na kwa nguvu kwa kupokezana usikie kengele ikijitokeza. Angalia hili hasa ikiwa ulizima mguso kwa ajili ya ogani, kwani kwenye vinanda kadhaa swichi hiyo ni ya kinanda kizima.

Noti zinakatika au zinalia mara mbili

Kinanda chenye uwezo wa noti 32 au 48 huonekana kina nafasi tele, mpaka uhesabu: sauti moja inaweza kujengwa kwa sampuli mbili au nne, ukapandanisha tatu, ukawasha midundo ya kiotomatiki, na mguu uko kwenye pedali. Akodi ya vidole vinne tayari inaweza kufika noti 24 hadi 48 kabla ya kuhesabu midundo. Punguza tabaka, zima ala za midundo usizozihitaji, na fupisha muda wa noti kufifia baada ya kuachiwa.

Noti zikilia mara mbili zenye mguno wa bomba, na kinanda kimeunganishwa na kompyuta, basi noti inapigwa na kidole na papo hapo inarudishwa na programu ya kompyuta. Zima kipengele cha Local (kiungo kati ya vibao na sauti za ndani) kwenye kinanda, au zima urejeshaji ndani ya programu. Moja kati ya hayo mawili. Ukizima yote utabaki na kimya.

Sauti inakatika unapobadilisha programu, au programu zimetoweka

Kukatika hutokea kwa sababu kinanda hubadilisha athari pamoja na sauti. Panga programu zinazofuatana ziwe na athari za aina moja, au gawa vibao, ogani kushoto na sintesaiza kulia, ili usihitaji kubadilisha kabisa ndani ya beti.

Programu zilizotoweka mara nyingi hazikuwahi kuhifadhiwa: mtu alizirekebisha, akapiga nazo jioni nzima, akazima. Vinanda vya zamani kama DX7, Roland D-50 na Korg M1 hutunza kumbukumbu kwa betri ya ndani, nayo ikiisha kila kitu huondoka. Hifadhi data kwanza ikiwa bado ipo. Betri iliyolehemewa ibadilishwe na fundi. Usijaribu kulehemu juu ya betri yenyewe, kwa sababu hupasuka.

Kinanda hakipatani na gitaa

Tofauti ya nusu toni kamili au zaidi ni kitufe cha kuhamisha ufunguo kilichosahaulika tangu wimbo uliopita. Tofauti ndogo inayotafuna ni kiwango kikuu kilichotoka kwenye Hz 440. Umeme dhaifu haubadilishi ufunguo wa kinanda cha kidijitali. Hammond halisi, kinyume chake, huzungushwa na mota inayofuata mapigo ya umeme, na ile iliyotengenezwa kwa Hz 60 za Marekani ikichomekwa kwenye Hz 50 zetu hushuka zaidi kidogo ya nusu toni tatu, hata ukiwa na kibadilishi cha volti.

Sauti inachelewa kufuata kidole

Kama umeunganisha spika kwa Bluetooth, usitafute zaidi, tumia waya. Kwa kompyuta, bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 1024 kwa kiwango cha Hz 44,100 ni takriban milisekunde 23, na 128 ni takriban 3. Shuka hatua kwa hatua hadi sauti ianze kutafunika, kisha panda hatua moja.

Mvumo, kuzimika na umeme

Kinanda kinachozimika katikati ya mahubiri kwa kawaida ni kizima kabisa. Vinanda vingi hujizima baada ya takriban dakika 30 bila kuguswa, na mahubiri yetu hupita hapo. Zima kipengele hicho kwenye menyu. Chanzo kinachofuata ni adapta isiyo yake. Linganisha volti, ampea na alama ya chanya na hasi iliyochorwa karibu na tundu, kwa sababu zipo zenye chanya katikati na zipo zenye hasi katikati, na pini zao huingiliana bila tatizo. Adapta ya kinyume inaweza kuua kinanda kwa sekunde moja.

Mvumo wa chini unaoendelea bila kukoma mara nyingi huja kwa sababu kinanda, kompyuta na mikisa vimechomekwa kwenye soketi tofauti. Vipeleke vyote kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, tumia kisanduku cha DI (cha kuunganisha ala na mikisa) chenye swichi ya kutenga ardhi kwenye waya wa sauti. Kamwe usikate wala kukunja pini ya ethi ya plagi ili kuondoa mvumo. Pini hiyo ndiyo inayomlinda mwimbaji mwenye kipaza sauti mdomoni. Ukihisi mtekenyo wa umeme unapogusa kinanda, mikisa au kipaza sauti, simamisha upigaji, zima kwenye soketi kuu, na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla ya mtu mwingine kugusa chochote. Kwenye bustani zenye jenereta, pima volti kabla ya kuchomeka, ukitarajia karibu 230, na upitishe kinanda kwenye stebilaiza.

Kinanda chenye waya wa umeme unaoingia moja kwa moja bila adapta usikifungue mwenyewe. Kapasita za ndani hubaki na chaji baada ya kuchomoa.

Baadhi ya vibao vinalipuka kwa sauti kubwa au havilii

Miezi ya vumbi ikifika, kuanzia Pasua hadi Unga Limited, hii ndiyo dalili inayojaza meza yangu. Chini ya kila kibao kuna miguso miwili ya mpira wenye kaboni, na kinanda hukadiria nguvu ya kidole kwa muda unaopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Vumbi likiuchelewesha wa kwanza, muda huo huonekana mfupi mno, na noti hulipuka kama umeipiga kwa ngumi. Likiuziba wa pili, noti hailii.

Bonyeza kibao hicho haraka mara 50 hivi kinanda kikiwa kimezimwa. Vumbi jepesi huondoka. Lisipoondoka, na ikiwa kinanda ni cha adapta na muda wa dhamana umekwisha, kinaweza kufunguliwa na miguso ikafutwa kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, kisha ikaachwa ikauke kabisa. Usitumie petroli, wala mafuta ya kupuliza ya kulainishia nati, kwani hula mpira na kuacha utando. Fundi mmoja aliwahi kunifanyia hivyo kwenye kinanda changu cha kwanza, na nililazimika kubadilisha ukanda mzima wa mipira.

Andika kwenye karatasi vibao vyote vyenye kasoro kabla hujashika bisibisi. Vikiwa vimetawanyika ovyo, ni vumbi. Vikifuatana kwa mpangilio, kwa mfano kila kibao cha nane kimekufa, hiyo ni njia ya mzunguko au utepe wa waya ulioachia, na kusafisha hakutasaidia. Usifungue, mletee fundi kinanda pamoja na karatasi hiyo, adapta yake na pedali unayoitumia.